UZI: Andiko langu la mbawakawa lilirudishwa ndani ya siku tatu, na kosa halikuwa Kiingereza

#1 Mbawakawa_Mzee

Habari za leo wakuu. Kila wiki humu ndani kuna mtu analia andiko lake limekataliwa na jarida la kisayansi, na swali linalofuata ni lile lile: nani anaweza kuninyooshea Kiingereza? Nimeona nisiwajibu mmoja mmoja pembeni. Nasimulia yaliyonikuta, halafu tubishane hapa hapa.

Andiko langu la kwanza lilihusu mbawakawa wa samadi. Misimu miwili ya mitego, na usiku mwingi kwenye darubini. Nilipomaliza kuandika nilikaa mwezi mzima nikisugua lugha, nikampa rafiki asome, nikasugua tena. Nikatuma Jumatatu. Alhamisi likarudi, na hakuna mpitiaji (mtaalamu anayelikagua andiko kabla halijachapishwa) aliyekuwa ameliona. Mhariri hakugusa sarufi hata kidogo. Alikuwa amefungua jedwali langu la nyongeza, akazimwaga rekodi kwenye ramani, na vituo tisa vilikuwa vinaelea baharini. Mbawakawa wa samadi, katikati ya maji! Nilikuwa nimebadilisha safu, latitudo imekaa kwenye longitudo, na kwenye mistari mingine alama ya kutoa imedondoka. Akaniandikia kwamba kama yeye hajui mdudu alitoka wapi, hana cha kuwatumia wapitiaji.

Nilinuna wiki nzima. Leo nimeshapitia maandiko ya wenzangu ya kutosha, na namwelewa. Andiko la bayoanuwai ukilivua mapambo linabaki dai moja: kiumbe fulani alikuwa mahali fulani siku fulani, na fulani ndiye aliyemtambua. Atakayelisoma miaka hamsini baadaye hakujui na hawezi kukupigia simu. Awe na njia ya kuhakiki kila kipande cha dai hilo mwenyewe. Njia ikikatika, Kiingereza kizuri ni shuka jipya juu ya kitanda kilichovunjika.

Kwa hiyo siku hizi sianzi na utangulizi. Naanza na kabati. Kila sampuli ninayoitaja iwe na namba, namba iwe ya jumba la makumbusho au hebaria (mkusanyo wa mimea iliyokaushwa) inayojulikana, na sampuli iwe imekaa huko kweli, si kwenye boksi chini ya meza yangu. Ukiwa na spishi mpya ya mnyama hili si hiari tena: kwa majina yaliyochapishwa baada ya 1999, kanuni za kimataifa zinataka holotaipu, yaani ile sampuli moja inayobeba jina, itajwe waziwazi, pamoja na kauli kwamba imewekwa au itawekwa kwenye mkusanyo gani, na mkusanyo huo uko wapi. Ukisahau sentensi hiyo moja, jina lako halipo. Jarida limechapisha, wewe umesherehekea, na jina halipo.

Kisha jedwali. Tumieni Darwin Core tangu siku ya kwanza porini, msisubiri siku ya kutuma. Ni mpangilio wa majina ya safu ulioidhinishwa mwaka 2009 na TDWG, chama cha viwango vya data za bayoanuwai, na ndio unaosomwa na GBIF, hifadhi ya kimataifa ya rekodi za viumbe. Latitudo inakaa kwenye decimalLatitude, longitudo kwenye decimalLongitude, na kuna safu ya tatu ambayo watu wanaiacha tupu: coordinateUncertaintyInMeters. Hiyo ndiyo inayomwambia msomaji kama ulisimama na GPS pembeni ya mtego, au ulikisia kutoka jina la kilima kwenye lebo ya zamani. Na desimali zisizidi ukweli. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilometa 111, kwa hiyo desimali nne zinakufikisha kwenye mita 11 hivi. Nimepokea andiko lenye desimali kumi na mbili. Hapo mtu anadai anajua mtego ulipokuwa kwa kipimo kidogo kuliko bakteria, na GPS yake ni ya simu.

Tarehe nazo. Andika 2019-04-03. Ukiandika 3/4/2019 wengine watasoma Aprili, wengine Machi. Wazee wa wadudu walilijua hili zamani. Angalia zile lebo ndogo kwenye pini, herufi kama punje za mchanga, mwezi umeandikwa kwa namba za Kirumi: 3.iv.1962. Hakuna ubishi. Excel nayo ichungeni kama mtoto anayetambaa. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilikuwa imeshabadilisha majina kama MARCH1 na SEPT1, kwa sababu Excel ilikuwa inayageuza kuwa tarehe. Kama wao walisalimu amri, mimi na wewe ni nani?

La majina nalitaja haraka. Simba ni *Panthera leo* (Linnaeus, 1758). Yale mabano si pambo: yanasema Linnaeus alimweka kwenye jenasi nyingine, *Felis*, na baadaye akahamishwa. Ukiyafuta umefuta historia. Na jina jipya lolote ni lazima lisajiliwe ZooBank, rejista ya mtandaoni ya majina ya kisayansi, kabla ya kuchapishwa.

Karibuni.

#2 Kijana_wa_Kamera

Shikamoo mkuu. Niko kwenye uzamili. Mimi sina sampuli hata moja, nina picha za kamera za kujiwasha na rekodi za sauti za vyura. Kwa maelezo yako andiko langu limekufa kabla ya kuzaliwa?

#3 Mbawakawa_Mzee

Marahaba kijana. Halijafa. Picha na sauti ni ushahidi, mradi zimewekwa mahali pa umma penye namba ya kudumu. Zenodo inakupa DOI bila malipo. Zikibaki kwenye diski ya msimamizi wako hazina tofauti na maneno matupu. Weka na zile mbovu, usichague nzuri peke yake. Na pale picha inapokuonyesha nusu ya mgongo tu, kubali: andika jenasi na sp. (spishi haijajulikana), au cf. (anafanana na, bila uhakika) kabla ya jina la spishi. Mpitiaji anamwamini zaidi mtu aliyeshindwa kutambua rekodi kumi kuliko yule aliyetambua zote.

Ila spishi mpya kwa picha tupu ni moto mwingine. Mwaka 2015 nzi mmoja wa jenasi *Marleyimyia* alipewa jina kwa picha bila sampuli kuhifadhiwa, na wanataksonomia wakagawanyika pande mbili, wanabishana mpaka leo. Kama ndiyo kwanza unaanza, usiingie kwenye ugomvi huo na andiko lako la kwanza.

#4 Hebaria_Kimya

Uzi mzuri kaka, ila sentensi yako ya ZooBank mwishoni mwa #1 itawapoteza watu. ZooBank ni ya wanyama tu. Hata kwa wanyama, sharti la kusajili linabana kazi zinazotoka kwa njia ya kielektroniki. Kabla ya marekebisho ya 2012 kazi ya mtandaoni pekee haikuhesabiwa kabisa. Sasa inahesabiwa, ila iwe imesajiliwa, na ushahidi wa usajili uonekane ndani ya kazi yenyewe pamoja na tarehe ya kuchapishwa. Usimwachie jarida. Fungua PDF ya mwisho utafute namba kwa macho yako.

Mimea haipiti huko. Kwetu tangu 1 Januari 2012 PDF yenye ISSN au ISBN inatosha, na maelezo au utambulisho wa spishi uwe wa Kilatini au Kiingereza. Kabla ya hapo, kuanzia 1935, ilikuwa Kilatini tu! Hebaria inayotunza taipu, sampuli inayobeba jina, itajwe. Kuvu wana lao: tangu 2013 jina jipya halikubaliki bila namba kutoka hifadhi inayotambuliwa kama MycoBank au Index Fungorum. Nimeona mtu wa uyoga akiipata namba baada ya andiko kutoka. Ilibidi jina lichapishwe upya.

Jambo dogo la pembeni ambalo hunifurahisha: kanuni za wanyama hazilazimishi lugha yoyote ya maelezo. Zinashauri tu lugha inayosomwa na wengi. Kwa hiyo mdudu akielezwa kwa Kiswahili, jina lake ni halali kama masharti mengine yametimia. Mmea hapana.

#5 Mbawakawa_Mzee

Nimekubali dada, nimechapwa hadharani. Naiacha #1 ilivyo ili watu waone nilivyokosea. Na hilo la Kiswahili sikulijua.

#6 Mpitiaji_wa_Pili

Mimi ndiye yule mpitiaji wa pili ambaye waandishi hupenda kumtukana kwa ukali wake. Niseme ninavyosoma, labda itasaidia.

Ikisiri nairuka. Nafungua picha kwanza, kisha jedwali, kisha mbinu. Kwenye picha natafuta mstari wa kipimo. Mtu akiandika "imekuzwa mara 40" najua hajafikiri, kwa sababu picha ikibanwa kwenye ukurasa ile 40 inakuwa uongo, ila mstari unabanwa pamoja nayo. Kwenye mbinu natafuta juhudi: mitego mingapi, usiku mingapi, saa ngapi za kutembea. Orodha ya spishi bila juhudi siwezi kuilinganisha na orodha nyingine yoyote. Umepata spishi 80 na mwenzako 50. Msitu wako ni tajiri zaidi, au ulikaa muda mrefu zaidi? Weka mchoro wa spishi zinavyoongezeka kadiri sampuli zinavyoongezeka. Kama mstari bado unapanda mwishoni, sema bado unapanda. Sitakunyima alama.

Kisha neno "hayupo". Naliona kila mara: "spishi hii haipo katika eneo la utafiti." Ndugu yangu, wewe hukumwona. Kiumbe wa usiku umemtafuta mchana, ukatangaza hayupo.

Tatu, hadhi ya uhifadhi. Mtu anaelezea spishi mpya kutoka sehemu moja, ukurasa wa mwisho anaandika "iko hatarini sana kutoweka kwa mujibu wa IUCN". IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalotoa hadhi hizo, hawajaitathmini! Unaweza kupendekeza hadhi, na sema kwamba ni pendekezo lako, ukitaja vigezo. Kwa kigezo B, eneo la kuenea chini ya kilometa za mraba 100 ni la ngazi ya juu kabisa ya hatari, ila ukubwa peke yake hautoshi. Unatakiwa uonyeshe pia mambo kama kugawanyika kwa makazi au kupungua kunakoendelea. Kama ulichonacho ni vyura watatu na siku moja ya mvua, sema taarifa hazitoshi.

Na mkipata maoni yetu, jibuni hoja kwa hoja. Bandika maoni yangu, chini yake jibu lako, chini yake sentensi mpya na namba ya mstari. Juzi nimejibiwa "tumerekebisha kama ulivyoshauri" mara kumi na nne mfululizo. Nikakagua zote. Tisa hazikuwa zimeguswa. Ukiona nimekosea niambie nimekosea, na unionyeshe sampuli. Nimeshabadilisha msimamo kwa picha moja nzuri ya mguu wa nyuma.

#7 Chura_wa_Bondeni

Hapo kwenye latitudo na longitudo mimi nina kesi. Chura wangu anapatikana kijito kimoja, ana rangi za kuvutia, na wafanyabiashara wa wanyama wa kufuga wanasoma majarida kuliko wanafunzi wetu. Jarida linataka vipimo kamili. Nitoe?

#8 Hebaria_Kimya

Usitoe. Hofu yako ina historia. Kuna mjusi wa China, *Goniurosaurus luii*, alielezwa 1999, na mahali alipopatikana pakakombwa na wakusanyaji wa biashara. Kobe *Chelodina mccordi*, aliyeelezwa 1994, soko la wanyama nusura limmalize.

Unachofanya ni kupunguza usahihi, na kusema umepunguza. Zungusha mpaka desimali moja: karibu na ikweta hiyo ni kama kilometa 11 kila upande wa mraba, mtu hawezi kukifikia kijito kwa hiyo. Darwin Core ina safu ya dataGeneralizations kwa ajili ya kueleza ulichokipunguza, na informationWithheld ya kusema kuna taarifa umezizuia na nani aulizwe. Vipimo kamili viache kwenye jumba la makumbusho pamoja na sampuli. Mweleze mhariri kwenye barua ya kutuma, kabla hajauliza. Kilichokatazwa ni kusogeza nukta kimyakimya, hapo umeghushi data. Na angalia picha zako: kama umeweka picha ya maporomoko yenye mwamba unaojulikana, umeshawaelekeza.

#9 Ngoja_Ngoja

Wakuu mnajitesa. Mimi nimepata barua pepe inaniita "Mheshimiwa Profesa Mashuhuri" (sina hata shahada ya pili) na wanasema watapitia na kuchapisha ndani ya siku tano. Si nitume huko spishi yangu mpya niendelee na maisha?

#10 Mbawakawa_Mzee

Umeshajua jibu ndiyo maana umeniita mimi mkuu na wao wamekuita profesa.

Kwenye fani nyingine, ukichapisha kwenye jarida tapeli unaharibu wasifu wako tu. Kwetu ni mbaya zaidi. Kanuni za majina hazimuulizi mhariri kama ni mwaminifu. Jina likitimiza masharti, limeingia, na lina haki ya kutangulia hata kama maelezo ni ovyo. Ukikosea jenasi, ukimpa jina jipya kiumbe ambaye tayari ana la 1890, kila mtaalamu atakayefuata atalazimika kukutaja, kukueleza na kukusahihisha, kizazi kwa kizazi. Mpitiaji mkali ni bima yako dhidi ya aibu hiyo.

Namna ya kukagua: nenda kwenye orodha ya wahariri, tafuta hata mmoja anayefanya kazi na kundi lako. Angalia kama jarida liko DOAJ, orodha ya majarida ya ufikiaji huria yaliyokaguliwa, pitia maswali ya Think. Check. Submit. Kisha soma maandiko yao mawili ya karibuni kuhusu kundi lako. Hili la mwisho ndilo la maana kuliko yote, na ndilo ambalo hakuna anayelifanya.

Ada ikikushinda, uliza kuhusu msamaha kabla ya kutuma. Majarida mengi ya ufikiaji huria yana utaratibu huo kwa nchi fulani, na mengine hayatozi kabisa. Ukisubiri mpaka andiko likubaliwe, mengi yatakwambia umechelewa.

#11 Kijana_wa_Kamera

Na siku yenyewe ya kutuma? Nimefungua ule mfumo nikakuta hatua saba, nikafunga kompyuta.

#12 Mbawakawa_Mzee

Huo ni usumbufu tu, hauna ugumu. Tenga nusu siku. Uwe na ORCID yako (namba ya kudumu ya mtafiti) na za wenzako. Majina ya waandishi mmeshayakubaliana kwa maandishi, pamoja na mpangilio wake, kabla ya kubofya chochote. Nimeona urafiki wa miaka ukiisha kwenye kile kisanduku. Namba za vibali vya kukusanya na kusafirisha ziwe kwenye mbinu au shukrani. Tangu Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kupata rasilimali za kijeni na kugawana faida zake, ianze kutumika 2014 wahariri wengi wanaziulizia, na ukiwa na DNA usishangae ukiulizwa zaidi. Mfuatano wa DNA uwe umeshapelekwa GenBank, hifadhi ya umma ya mifuatano hiyo, namba ziwe kwenye jedwali. Usiandike "zitaongezwa baadaye".

Barua kwa mhariri iwe fupi. Umepata nini, kwa nini jarida hili, data iko wapi. Wakikuomba majina ya wapitiaji, pendekeza watu wanaolijua kundi lako, akiwemo yule ambaye unaogopa atakupinga. Atapewa tu hata usipomtaja, kwa kundi dogo kama letu ni nani mwingine?

#13 Mpitiaji_wa_Pili

Kweli kabisa. Kundi langu tuko watu sita duniani. Wanne nimeshagombana nao.

#14 Chura_wa_Bondeni

Na kama nina data nyingi lakini sina hadithi? Miaka minne ya rekodi, hakuna nadharia.

#15 Hebaria_Kimya

Andika andiko la data. Biodiversity Data Journal wamekuwa wakichapisha kazi kama hizo tangu 2013, na hawako peke yao. Unaweka jedwali GBIF, linapata DOI, andiko linaeleza lilivyokusanywa na mapungufu yake. Usiibandike nadharia ya kulazimisha, inaonekana mara moja. Ila hapo jedwali ndilo andiko, kwa hiyo yote ya #1 yanakuhusu maradufu.

#16 Kijana_wa_Kamera

Wakuu, nimefanya kama Mzee alivyofanyiwa. Nimemwaga rekodi zangu zote kwenye ramani. Karibu zote zimekaa msituni. Tatu ziko kwenye bahari ya Atlantiki, Ghuba ya Guinea, nukta moja juu ya nyingine. Nimeangalia, latitudo 0, longitudo 0. Sijawahi kuweka kamera kwenye boti.

#17 Mbawakawa_Mzee

Karibu Kisiwa Sifuri, ndivyo tunavyoiita kwa utani nukta hiyo ya 0, 0, kila mmoja wetu ana rekodi zake pale. Hizo ni seli zilizokuwa tupu, programu ikazijaza sifuri. Usizifute bado. Una daftari la porini?

#18 Kijana_wa_Kamera

Ninalo. Limelowa kidogo. Kamera namba 7, ukurasa wa katikati, vipimo vimeandikwa kwa penseli na vinasomeka. Betri ya GPS iliisha siku hiyo, nilisoma kwenye ramani.

#19 Mbawakawa_Mzee

Basi vijaze, na kwenye ile safu ya tatu usiandike mita 5 kama kwingine. Ramani ilikuwa ya kipimo gani?